Bukta ya bluu na maneno ya kijiweni: yanayosemwa juu ya kambi za jeshi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini

Ikishafika mwisho wa Mei, duka langu hapa stendi ya Mafinga linabadilika rangi. Natundika mlangoni bukta za bluu iliyokolea, zisizo na zipu, zenye mpira kiunoni na zinazofika magotini. Natundika fulana za kijani, raba ngumu, soksi ndefu nyeusi, na shuka za bluu bahari nazipanga mbilimbili. Orodha hiyo ninayo kichwani, maana kila kijana aliyemaliza kidato cha sita akapangiwa 841 KJ, yaani kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya hapa Mafinga, anashuka kwenye basi na karatasi ileile mkononi. Mzazi wa kutoka Dar au Tanga hakupi shida kumtambua: kavaa ndala, kajikunyata, swali la kwanza ni kama masweta yapo. Yapo, mama. Hata tangazo lenyewe la kuwaita vijana huwa linataja nguo za kuzuia baridi kwa wanaokwenda mikoa kama hii yetu.

Wakati wanachagua, wanaongea. Na nje ya duka kuna kijiwe cha bajaji ambako kila jambo lina mjuzi wake. Kwa miaka yote niliyokaa hapa nimesikia historia ya kambi hizi ikisimuliwa kwa namna ambazo zisingeweza zote kuwa kweli. Nyingine nilizimeza mwenyewe, mpaka baba yangu mdogo, aliyepita hiyo kambi enzi za operesheni za zamani, aliponikalisha chini.

"Hapa Mafinga ndipo wanajeshi wa Tanzania wanapotengenezwa"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoumiza watu mifuko. Kuna mama alimwambia mwanawe mbele yangu, huku anajaribu kumpima raba: "Ukitoka hapa wewe mwanajeshi, mwanangu, mwezi wa kumi unakula mshahara."

JKT ni sehemu ya JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, hilo halina ubishi. Mkuu wa JKT ni afisa wa jeshi, wakufunzi ni maafande wa jeshi, na kikosi kina namba ya kijeshi: 841 KJ ni Mafinga, 844 KJ ni Itende kule Mbeya. Lakini kijana anayeingia JKT hajaandikishwa kuwa askari wa JWTZ. Shule ya mafunzo ya awali kwa askari wapya wa JWTZ wenyewe iko Kihangaiko, upande wa Msata, mkoani Pwani. Ndiyo ile watu wanaiita RTS. Wanaosomea uafisa wanakwenda Monduli, Arusha. Mafinga na Itende kazi yao ni nyingine.

Kinachochanganya ni kwamba masomo yanafanana. Kuruta wa JKT anapigishwa kwata, anafundishwa ujanja wa porini, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, matumizi ya silaha ndogondogo na kulenga shabaha. Analala kwenye hanga, anaitikia "afande", anakula doso, yaani adhabu, akichelewa. Mwisho anaapishwa, kuna gwaride, wazazi wanapiga picha. Ukiangalia kutoka nje ya uzio utaapa ni kitu kimoja. Tofauti inaonekana siku ya pili yake: wa mujibu wa sheria, yaani hao wa kidato cha sita wanaoitwa kwa lazima, waliokaa miezi mitatu, wanarudi nyumbani kusubiri chuo. Wa kujitolea wanaendelea na mkataba wa miaka miwili, na humo ndani kuna kilimo, ufugaji, ufundi na ujenzi. Wakimaliza na hawakuchukuliwa popote, nao wanarudi nyumbani.

Sasa uongo huu umeota mizizi kwa sababu una punje ya ukweli ndani. JWTZ, Polisi, Magereza na wengineo wakitangaza nafasi, mara nyingi wanataka mtu aliyepita JKT. Kwa hiyo JKT ni mlango, lakini mlango si chumba. JKT wenyewe kila mwaka wanatangaza kwamba kwao hakuna ajira na kwamba nafasi haziuzwi. Watu hawasikii. Mimi mwenyewe nilitoa laki tatu kwa mtu aliyekuja na suti na simu mbili, akisema ana jamaa yake "ndani", amtafutie mpwa wangu nafasi ya kujitolea. Mpwa wangu leo anaendesha bajaji, na yule mtu simu zote mbili hazipatikani. Nilichojifunza kwa laki tatu zangu ni kwamba usaili wa kujitolea unaanzia wilayani, kwa tangazo la wazi, na fomu haina bei.

"JKT ilizaliwa na maasi ya 1964"

Mzee mmoja wa kijiweni, fundi viatu, anaipenda hii. Anasema askari waliasi, Mwalimu akakasirika, akaanzisha JKT. Inaingia akilini, ila tarehe zinakataa.

Wazo lilianza kwenye umoja wa vijana wa TANU, katika mkutano wao wa Tabora wa Agosti 1960, kabla hata ya uhuru. JKT yenyewe ilianzishwa rasmi tarehe 10 Julai 1963, na ndiyo maana sherehe zake huwa Julai. Waisraeli walisaidia mwanzoni kuipanga, kwa kuwa wao walikuwa na mfumo wa vijana wanaochanganya jembe na bunduki. Lengo lilikuwa kuwakutanisha vijana wa makabila na dini tofauti, wafanye kazi pamoja na walale hanga moja.

Maasi yalikuja miezi sita baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi la wakati huo, katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwaweka maafisa wao Waingereza chini ya ulinzi. Walidai mishahara mizuri zaidi na maafisa Waafrika. Kesho yake moto ukafika Tabora. Tarehe 25 wanamaji wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka kwenye meli yao Centaur na kuyazima. Tanganyika Rifles ilivunjwa. Kwa muda nchi ililindwa na kikosi kutoka Nigeria, huku Mwalimu Nyerere akiwaita vijana wa TANU wajiandikishe kwenye ofisi za chama ili jeshi lianze upya. JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba 1964, na mkuu wake wa kwanza akawa Mirisho Sarakikya.

Kwa hiyo JKT ni dada mkubwa wa JWTZ, amemzidi kwa mwaka na zaidi kidogo. Fundi viatu nilipomwambia hivyo alisema, "Basi ndiyo maana anapenda kuamrisha," akaendelea kushona.

Kuna na ile ya kusema Wachina ndio waliofundisha kila kitu tangu mwanzo. Wachina walikuja, ndiyo, kuanzia 1964, na mchango wao ulikuwa mkubwa. Lakini kati ya 1965 na 1970 Kanada nayo ilikuwa na timu ya washauri na wakufunzi katika jeshi letu, jambo ambalo sijawahi kusikia mtu wa kijiweni akilitaja.

"Lugalo ni jina la Dar es Salaam"

Vijana wakishuka hapa ukawauliza Lugalo ni wapi, watakwambia: kambi na hospitali ya jeshi, Mwenge ukielekea Mbezi. Watoto wa Iringa wenyewe siku hizi wanajibu hivyohivyo, na hapo ndipo ninapokasirika kidogo.

Lugalo ni kwetu. Ukitokea Morogoro kwa barabara kuu, kabla hujaingia Iringa mjini, iko huko upande wa Kilolo, na mnara wa kumbukumbu bado umesimama. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski ulikuwa unapita kwa mstari mrefu, wanyama na wapagazi katikati, bunduki nyingi zikiwa hazijajazwa risasi. Wahehe wa Mkwawa walikuwa wamelala kwenye nyasi na mawe. Haikuchukua muda. Zelewski aliuawa, wazungu wengine wapatao kumi waliuawa, na askari wao zaidi ya 200. Wajerumani walikaa miaka mitatu kabla ya kurudi na mizinga na kuibomoa ngome ya Kalenga, Oktoba 1894. Mkwawa mwenyewe hawakumpata akiwa hai, maana Julai 1898 alijipiga risasi.

Sasa linganisha na Colito. Colito ni mahali Ethiopia, ambapo mwaka 1941 askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika, kikosi cha sita kilichokuwa cha Tanganyika, walipigana na Waitaliano. Kule Tabora kambi iliitwa Kalewa, jina la mji wa Burma ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani mwaka 1944. Yaani kuruta wa Kitanganyika alikuwa anaamka kila asubuhi ndani ya kambi yenye jina la vita ya Mwingereza. Jeshi jipya lilipokuja, Colito ikawa Lugalo na ya Tabora ikawa Milambo. Jina moja lilitoka kwa Wahehe, la pili kwa mtemi wa Wanyamwezi. Mtu anayesema Lugalo ni Dar, hajui kwamba aliyebadilisha kibao cha lile geti alikuwa anamwambia kuruta jambo fulani.

Baba mdogo aliniambia kwamba wao kambini walisimuliwa Lugalo kama somo la ujanja wa porini kabla ya kuwa somo la historia: kwa nini usitembee kwa mstari mmoja mrefu, kwa nini upeleke watu mbele kuchungulia. Yeye Mbena, alicheka akasema Wahehe wa kombania yake walivimba vichwa wiki nzima.

"Nyerere aliianzisha kuwaadhibu wasomi"

Kwa miaka yake ya kwanza JKT ilikuwa ya kujitolea, na wengi walioingia walikuwa vijana wa vijijini wenye elimu ndogo. Mwaka 1966 ndipo ilipopitishwa kwamba wahitimu wa sekondari na vyuo nao waingie kwa lazima, na kwamba kwa miezi kumi na nane ya utumishi wakatwe sehemu kubwa ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao wakaandamana mpaka Ikulu. Walikuwa na bango lililosema enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Hilo bango ndilo lililomchoma Mwalimu. Aliwafukuza wanafunzi karibu 400 warudi makwao, na wengi waliruhusiwa kurudi baadaye. Halafu, na hii sehemu watu huiruka, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Kwa hiyo adhabu ilikuwa ya maandamano, haikuwa sababu ya kuanzishwa kwa JKT. Ingawa, nikisema kweli, baba mdogo anakiri kwamba kambini mwenye cheti kikubwa ndiye aliyepewa ndoo ya kwanza ya kusafisha choo. Sheria haikusema hivyo. Afande ndiye aliyesema.

"Kambi zote hizi zilijengwa na Wajerumani"

Hapana. Boma la Iringa mjini ndilo la Mjerumani. Hapa Mafinga, ambapo wakati wa Mwingereza paliitwa John's Corner, mahanga ya JKT ni ya baada ya uhuru.

"Mgagao ilikuwa kambi ya JWTZ"

Hii inahitaji subira, maana neno "kambi" huku kwetu limebeba mizigo mingi mno. Mtu akisema "pale palikuwa kambi" anaweza kuwa anamaanisha mambo matatu tofauti kabisa.

Kihesa Mgagao, wilayani Kilolo, vijana wengi wanaijua kama gereza. Kabla ya hapo ilikuwa kambi ya mafunzo kweli, na makuruta walikuwepo, na kwata ilipigwa kwenye baridi hiyohiyo. Ila makuruta hao hawakuwa Watanzania. Walikuwa wapigania uhuru, hasa wa ZANU kutoka Zimbabwe, na kati ya wakufunzi walikuwemo Wachina. Tanzania ilitoa ardhi na ulinzi, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, iliyokuwa na makao Dar es Salaam na ambayo Hashim Mbita aliiongoza kuanzia 1972, ndiyo iliyokuwa inashughulika na misaada. Mwishoni mwa 1975 maafisa wa wapiganaji waliokuwa Mgagao waliandika tamko. Walisema hawawataki tena viongozi wao wa zamani, na wakamtaja Robert Mugabe kuwa ndiye wa kuzungumza kwa niaba yao. Tamko hilo linafahamika duniani kwa jina la Mgagao. Siasa za nchi nzima ziligeuzwa na karatasi iliyoandikwa kwenye mlima wa Kilolo, na mtoto wa Kilolo anadhani pale pamekuwa gereza tangu dunia iumbwe.

Chunya kuna Itumbi, nako hivyohivyo: kambi ya wapiganaji wa PAC wa Afrika Kusini. Hata hao wazee wa Mbeya wanaosema "Itumbi tulikuwa na jeshi la Waafrika Kusini" hawajakosea.

Halafu kuna Ifunda. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alibishana na watu nusu saa akisema Ifunda palikuwa kambi ya jeshi la wazungu wakati wa vita ya pili ya dunia. Wazungu walikuwepo, na palikuwa kambi, lakini ya wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliokimbizwa na vita mpaka huku. Kidugala, Njombe, walikuwepo pia. Baadaye Ifunda ikawa shule. Jeshi la akina mama wa Kipolandi wanaofua nguo, sawa.

"JKT ni jembe tu, haijawahi kwenda vitani"

Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilikuwa dogo kwa kazi iliyokuwa mbele. Likapanuliwa haraka kwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, mpaka likazidi watu laki moja. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Baba mdogo ana bakuli la bati lililobonyea pembeni. Halitumii, na hataki liondolewe juu ya kabati. Nilimuuliza mara moja limebonyea wapi. Akasema, "Masaka," akaomba chai.

"Ilikufa 1994, ikafufuliwa 2013"

Nusu kweli. Mwaka 1994 mafunzo yalisitishwa kwa sababu serikali haikuwa na fedha za kuyaendesha. Makambi hayakufungwa, maafande walikuwepo, ng'ombe walikamuliwa. Vijana wa kujitolea walianza kuchukuliwa tena mwaka 2001. Kilichorudi Machi 2013, chini ya Rais Kikwete, ni ule utaratibu wa mujibu wa sheria kwa waliomaliza kidato cha sita, na baadhi ya wabunge vijana waliingia kambini mwaka huo kuonyesha mfano. Kwa hiyo kuna kizazi kizima, waliomaliza sekondari kati ya 1994 na 2012, ambacho hakikupita. Nao ndio wazazi wanaonijia sasa dukani. Hawana kumbukumbu yao wenyewe ya kambi, wanategemea ya kaka zao wakubwa, na kaka mkubwa siku zote anatia chumvi. Zamani kidato cha sita walikaa mwaka mzima. Leo mama anasikia hadithi za mwaka mzima, mtoto anakwenda miezi mitatu, na hofu ni ya mwaka mzima.

"Wanawawekea mafuta ya taa kwenye maharage"

Hii huulizwa kwa sauti ya chini, baba akiwa ametoka nje kupokea simu. Juni iliyopita kijana mmoja mrefu, wa Tanga, aliniinamia kwenye kaunta: "Dada, eti ni kweli wanaweka mafuta ya taa ili tusitamani wasichana?"

Nilimwita binti anayenisaidia dukani. Yeye alijitolea Itende miaka miwili, akarudi bila ajira, na hanung'uniki. Akamwambia: "Mdogo wangu, unaamka saa kumi alfajiri. Mchakamchaka. Usafi. Kwata mpaka mchana. Fatiki. Jioni kwata tena, usiku ulinzi. Utamtamani mto wa kulalia."

Kijana akacheka, akatoka. Alipofika mlangoni upepo wa saa kumi na mbili jioni ukampiga usoni, akarudi ndani akaongeza soksi jozi mbili.